Mkate wa Mtu Aliye Hai

Comodoro Rivadavia, 14 Aprili 2013

Dada yangu Rufina,

Nakusalimu wewe, nawasalimu mbuzi wako mmoja mmoja kwa majina yao, na Baba nampa shikamoo ambayo najua hutaifikisha. Mimi mzima. Upepo wa huku ni ule ule. Wiki iliyopita uling'oa bati la jirani ukalilaza juu ya gari la padri, na padri akasema ni mapenzi ya Mungu, lakini bati halirudishi. Bado nashona ovaroli za watu wa visima vya mafuta. Jumatatu mpaka Jumamosi siku zinakwenda. Jumapili ndiyo ndefu. Jumapili nanyoosha hata nguo nilizozinyoosha Jumamosi.

Sasa jambo lenyewe. Sokoni huku kuna mama wa kwetu, Asunta, anauza mahindi ya kusaga yaliyofungwa kwenye maganda, nami humwendea ili nisikie tu watu wakisema kama sisi. Akaniambia halmashauri yetu ya Abra Colorada imepitisha sheria ndogo kwa ajili ya watu kama mimi, tuliozaliwa tukaitwa wavulana na tukajijua kuwa ni wanawake, na wale wa kinyume chake. Ofisi zote za halmashauri zituite kwa majina yetu. Kazi moja ya halmashauri iwekwe kwa ajili yetu. Na siku ya Mtakatifu Andrea, mwishoni mwa Novemba, uwanjani mbele ya kanisa, majina yetu yasomwe mbele za watu, kama yanavyosomwa ya watoto wengine wa kijiji. Nilimfanya Asunta arudie, mpaka mahindi yake yakapoa.

Basi nikaandika. Nikasema mimi ni Maira Vilte, nilizaliwa hapo, nina kitambulisho changu kipya cha taifa, naomba jina langu lisomwe, na naiomba ile kazi, kwa kuwa ni kazi ya kushona sare za shule. Akanijibu Bi Noemí Zambrano, anayeshughulikia mambo hayo, kwa adabu nyingi sana. Akasema mtu aliyezaliwa siku niliyoitaja, kwa baba na mama niliowataja, ana msalaba katika makaburi ya halmashauri, kwenye ukuta wa mashariki. Akasema madiwani hawawezi kusoma jina la mtu ambaye kijiji kizima kilimlilia, mpaka familia iuondoe msalaba huo, na kiwanja kimeandikwa kwa jina la Baba.

Nilicheka, dada. Kisha nikakaa kitandani na koti langu mwilini mpaka nikasahau kuwasha taa.

Mimi nilikufa lini?

Mdogo wako,
Maira

Na kwenye bahasha uandike jina langu zima. Mtu wa posta wa huku hang'ati.


Abra Colorada, 9 Juni 2013

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika, nikaiweka chini ya gunia la mahindi nikingoja kupata nafasi, ndiyo maana nimechelewa. Halafu baridi ikaja. Mfereji uliganda, mbuzi wawili wakaharibu mimba, na yule jike mwenye pembe moja ana homa ya mapafu, namlaza jikoni. Binti wa jirani yetu Bi Eduarda ameolewa na mtu wa reli, ingawa reli yenyewe haipo tena. Baba anakohoa. Anakula vizuri.

Ule msalaba ni wa zamani. Ni wa mbao ya mpungate na umeshaanza kuliwa na wadudu. Chini yake hamna kitu, ni viatu vyako tu, vile vya ngozi. Sioni kama unakudhuru huko uliko.

Ilikuwa mwaka ule Crescencio aliporudi na lori lake kutoka kusini, akasema amekuona umevaa gauni unavuka barabara. Aliyasema hayo kwa Baba peke yake, namshukuru kwa hilo, na marehemu amekwenda nayo. Baba alikaa ndani siku kadhaa. Alipotoka akawaambia watu kwamba amepata habari, mwanawe ameangukiwa na mtambo kwenye kisima cha mafuta, amezikwa huko huko. Basi ikawa hivyo. Mama yetu aliyajua. Sasa naye amekwenda, Mungu amrehemu.

Nakuomba uyaache. Baba ni mzee. Na usinipigie simu; hapa simu inashika juu kanisani tu, na kanisani kila mtu ana masikio.

Ni mimi dada yako,
Rufina


Comodoro Rivadavia, 7 Julai 2013

Dada Rufina,

Salamu kwako na kwa huyo mbuzi mgonjwa. Mpe maji ya vitunguu, mama alikuwa anafanya hivyo. Kwangu hakuna jipya, isipokuwa mwenye nyumba wangu Bi Olga amepata paka, na paka ameamua kuishi kwangu. Namshukuru, ingawa ni mwizi.

Kwenye bahasha umeandika M. Vilte. Nimeona. Na humo ndani umeniita mdogo wangu tangu juu mpaka chini, na hujakosea hata mara moja, maana umeliruka jina kama mtu anavyoruka tope. Sikulaumu. Lakini usidhani sikuona.

Unasema msalaba haunidhuru huku niliko. Nikueleze nilivyo huku. Nina chumba, cherehani, na madirisha mawili. Kazini wananiheshimu. Na nikifa usiku mmoja, Bi Olga atajua Jumatatu kwa sababu ya paka. Miaka yote hii nilikuwa najipa moyo kwamba kule kwetu wapo walionikasirikia. Mtu akikukasirikia bado uko naye. Kumbe walishamaliza, wakala, wakanawa mikono.

Nataka kitu kimoja tu. Nataka nisimame uwanjani siku ya Mtakatifu Andrea, jina langu lisomwe, na watu wa kwetu wanione ninavyoonekana. Baada ya hapo wakitaka wanitemee mate. Na kama kazi ile nitaipata, nirudi nyumbani. Nimechoka na upepo.

Kuna swali jingine ambalo halinitoki kichwani. Kwetu aliyekufa hatupwi. Tarehe mosi Novemba anawekewa meza, anaokewa mkate wenye umbo lake, anaitwa aje kula. Je, mimi mnaniokea? Na kama mnaniokea, ni umbo gani?

Maira


Abra Colorada, 25 Agosti 2013

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na huyo paka. Huku tumemaliza kumlisha Pachamama, mama yetu ardhi. Tulichimba shimo uani, tukampa mahindi, majani ya koka, pombe na sigara, na Baba alimwagia zaidi ya kawaida mpaka nikamwambia atamlewesha. Mbuzi amepona. Ni kweli yale ya vitunguu.

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara zote nimeishia kwenye mbuzi.

Ndiyo, unaokewa. Mimi nakanda ngazi za kushukia roho, na njiwa, na umbo la mama na la bibi na babu. Lako silishiki. Baba analikanda mwenyewe, naye mkono wake ni wa kubeba mawe, kwa hiyo kila mwaka linatoka bega moja nene kuliko jingine. Ni mtu mwenye kofia. Analiweka karibu na sahani ya mama, pamoja na supu ya maharage, kwa sababu ulikuwa unaipenda.

Unajua desturi. Roho mpya inawekewa meza miaka mitatu, kisha inaagwa, mkate wake unamegwa na wote waliopo, na watu wanapumua. Yako haijaagwa mpaka leo. Kila mwaka saa ya kuaga ikifika Baba analichukua umbo lako, analifunga kwa kitambaa, anaondoka nalo. Msomaji wa sala aligombana naye, akamwambia roho isiyoagwa inaleta ukame. Ukame ukaja kweli, na watu wakamtazama Baba.

Bi Noemí alikuja hapa mara mbili. Ni mtu mpole, ana viatu vya mjini vinavyomtesa kwenye mawe yetu. Alimweleza Baba kwamba sheria ipo, kwamba hakuna atakayemcheka, kwamba kinachotakiwa ni aseme tu msalaba uondolewe. Baba akamwambia halmashauri imeshindwa kututengenezea barabara, sasa imeanza kufufua wafu. Akamfungia mlango.

Nami nikuambie kinachoniogopesha, maana wewe unadhani ni gauni. Gauni watu wangelizoea. Kule bondeni yuko mmoja kama wewe, anauza sambusa, na wanaume wanapanga foleni. Kinachoniogopesha ni msiba. Sisi hatukuweka msalaba tu, tulifanya matanga. Eduarda alichinja kondoo wake wa pekee. Wengine walileta kuni, koka, unga. Wanawake walilia mpaka wakapoteza sauti. Siku ya tisa tulikwenda wote mtoni kuosha nguo zako, na mashati yako niliyaosha mimi, na mama akakaa juu ya jiwe akinitazama. Walimlilia mtu aliye hai na sisi tukawaacha walie. Msiba wa kujitakia hauna kilio, wahenga wamesema, na sisi kilio tuliwaomba majirani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu imekuwa ndefu kwa sababu kijiji kizima kilitubeba.

Ukiondolewa ule msalaba, nitapita wapi mimi? Wewe uko mbali. Mimi nateka maji na Eduarda.

Rufina


Comodoro Rivadavia, 22 Septemba 2013

Dada,

Salamu. Paka mzima, mimi mzima.

Mwambie Bi Eduarda nitamrudishia kondoo, na ninayemleta atakuwa mnene kuliko wa kwanza.

Nimemwambia bosi wangu naondoka mwishoni mwa Oktoba. Amesikitika, ameniambia mikono kama yangu haipati. Nimekata tiketi ya basi. Nitafika tarehe mosi Novemba kabla ya adhuhuri, saa roho zinapoingia, nami nitaingia pamoja nazo. Nitakaa mbele ya mkate wangu. Kama ni marufuku kwa walio hai kugusa meza ile, basi Baba aseme mbele ya watu kama mimi ni hai au ni mfu. Nimekasirika, na hasira inanipa joto, nilikuwa nimesahau.

Nakupenda, ingawa umeosha mashati yangu.

Maira


Abra Colorada, 6 Oktoba 2013

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama.

Nakuomba usije. Baba alilazwa zahanati ya bondeni, kifua, amerudi jana, haruhusiwi kushtuka. Daktari amesema hivyo, si mimi. Ukiingia mlangoni siku ile, watu wamejaa, mishumaa inawaka, wako wazee watakaoanguka chini wakidhani ni roho kweli, na yeye ndiye atakuwa wa kwanza. Unataka kuja kumzika? Hutaki. Nakujua.

Subiri. Sijui usubiri nini, lakini subiri.

Nikuambie na hili, sijui kama lina maana. Kule zahanati, nikiwa namvalisha soksi, aliniuliza kama huko kusini watu wanavaa sufu au wananunua zile nguo za plastiki. Nikamwambia sijui. Akasema nguo za plastiki hazizuii upepo. Kisha akageukia ukutani.

Rufina


Comodoro Rivadavia, 17 Oktoba 2013

Dada Rufina,

Nakutakia afya njema, na Baba namwombea nafuu, nasema kweli.

Nimerudisha tiketi. Bosi hakuamini bahati yake.

Nilikaa nikafikiri usiku na mchana, na nikaelewa jambo ambalo sikulielewa nilipokuwa na hasira. Namwonea wivu yule mtu wa mkate. Yeye anakandwa kwa mikono ya Baba. Anawekewa supu ya maharage karibu na sahani ya mama. Mara moja kila mwaka anaitwa nyumbani kwa sauti, mlango unaachwa wazi, na saa ya kuondoka ikifika Baba hataki aende. Mimi niliye hai sijaitwa hata siku moja. Nimengoja miaka yote hii kwenye chumba hiki nikidhani mlango wa kwetu umefungwa, kumbe unafunguliwa, ila si kwa ajili yangu.

Basi aendelee kuniokea. Mwambie nimekubali. Kama nikiwa mfu ndiyo naitwa, acha niwe mfu. Mwambie tu bega lile nene alipunguze kidogo, maana nilikuwa mwembamba.

Ni upweke, dada. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Maira


Abra Colorada, 4 Novemba 2013

Mpendwa Maira,

Natumaini u mzima. Baba anakaa kitako sasa, anakula, anakohoa kidogo. Mbuzi wazima.

Barua yako ililetwa na dereva wa basi tarehe thelathini na moja, tukiwa tunakanda. Baba alikuwa na donge lake mkononi. Akaniuliza nani ameandika, na mimi, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa unga na sikuwa na nguvu ya kutunga jambo, nikamwambia. Akasema soma. Nikamsomea yote, hata pale pa bega. Alikaa karibu na tanuru na donge lile kwenye kiganja mpaka likafanya ukoko. Nikaoka ngazi, nikaoka njiwa, nikaoka mama na bibi na babu. Lako alilitupa motoni likiwa donge tu.

Tarehe mosi watu wakaja kama kawaida. Walisali, wakamsifu mama, wakaitazama meza. Eduarda ndiye aliyeona. Akamwambia Baba kwa sauti ya upole, akidhani ni ugonjwa, "Mzee Hilarión, mkate wa kijana wako uko wapi mwaka huu? Umesahau?"

Baba akainuka. Alishika ukingo wa meza, nami nikasimama nyuma yake nikiogopa ataanguka.

"Sikusahau," akasema. "Hawekewi kwa sababu hajafa. Hakufa hata siku ile. Yuko kusini, anashona, anaitwa Maira, ni mwanamke. Niliwadanganya, na mke wangu alikwenda kaburini na uongo wangu."

Mishumaa ilisikika. Msomaji wa sala akafunga kitabu chake. Eduarda alisema jambo moja tu: "Kondoo wangu nilimchinja kwa huzuni ya kweli." Baba akamjibu, "Najua."

Wakaondoka. Walichukua kofia zao na shali zao wakatoka mmoja mmoja, na hakuna aliyechukua mkate. Unajua maana yake. Hata adui hatoki nyumba ya roho bila mkate mkononi. Vikapu vyangu vyote vitatu vilibaki vimejaa mlangoni.

Siku ya pili, adhuhuri, tuliziaga roho, sisi wawili tu. Baba aliimba. Sauti hana, lakini aliimba mpaka mwisho. Tangu hapo tunakula mkate asubuhi, mchana na jioni, na umekuwa mgumu, tunauchovya kwenye chai. Mtoni sijakwenda. Nateka maji kwenye mfereji wa juu, ni mbali, lakini hakuna mtu.

Niandikie.

Dada yako,
Rufina


Abra Colorada, 2 Desemba 2013

Mpendwa Maira,

Hujaniandikia. Sijui kama ni posta au ni wewe. Kama ni wewe, nitaandika hivyo hivyo. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na huku sasa hakuna hata wa kula naye.

Baba aliung'oa msalaba. Bi Noemí alimletea kibarua wa halmashauri mwenye sururu, Baba akamwambia aliusimamisha mwenyewe na atauondoa mwenyewe. Ilimchukua asubuhi nzima, anapumzika, anarudi. Viatu vyako vilitoka vigumu kama mti. Kila siku jua likiwa kali anakaa navyo uani, anavipaka mafuta ya mbuzi. Kimoja kimeanza kukunjika. Mbao ya msalaba ameipasua, tumechemshia supu.

Juzi ilikuwa Mtakatifu Andrea. Tulikwenda. Tulikaa benchi la mbele upande wa kushoto, na benchi lote likawa letu, maana kila aliyefika alikumbuka kwamba anapenda upande wa kulia. Bendi ikapiga, mwenyekiti wa halmashauri akahutubia kwa muda mrefu kuhusu maji. Kisha akasoma majina. Walikuwa watatu. Wa kwanza yule muuza sambusa, amevaa bluu, wanaume wote wakatazama viatu vyao. Wa pili kijana wa shule ambaye sisi tulimjua kama msichana, mama yake alimshika mkono. Wa tatu ni wewe.

Alisema Maira Vilte, kwenye kipaza sauti, na jina lako likagonga ukuta wa kanisa likarudi. Hakuna aliyetokea. Akalisoma tena. Bi Noemí akawa anamwonyesha ishara aendelee. Hapo Baba akasimama, kofia mkononi, akaenda mbele na kile kifua chake, polepole, watu wote wanangoja. Walikuwa wanampa kila mmoja shada la maua. Akalipokea. Akakiinamia kipaza sauti kama mtu anayeinamia kisima.

"Hayupo," akasema. "Alitaka kuja, tukamzuia. Ni binti yangu."

Akarudi kukaa. Hawakupiga makofi. Muuza sambusa alipiga, peke yake, kisha akaacha.

Tulipokuwa tunaondoka Eduarda alitufuata. Hakumsalimu Baba. Aliniuliza mimi, akitazama pembeni, kama ni kweli unashona, na kama zipu ya koti nene inaweza kubadilishwa au koti ndiyo limekwisha. Nikamwambia sijui, nitauliza. Basi nakuuliza.

Habari mbaya ni ya kazi. Bi Noemí amesema sare lazima ziwe tayari kabla shule hazijafunguliwa, hawakuweza kungoja zaidi, nafasi amepewa yule mwenye nguo ya bluu, ingawa kushona anajifunza. Amesikitika sana. Nimemwambia kosa si lake. Barua ya kukwambia usije niliiandika mimi.

Maua yako kwenye sahani ya mama. Baba amesema nikuandikie kwamba barabara ya kutoka kituo cha basi imetengenezwa.

Rufina


Comodoro Rivadavia, 15 Desemba 2013

Dada yangu Rufina,

Salamu kwako, kwa mbuzi, na kwa Baba shikamoo, hii uifikishe.

Hukukosea, ni mimi sikuandika. Ile ya Novemba niliisoma nikashindwa. Nilifurahi na nikalia, na nikaogopa kwamba nikijibu utaniandikia kuwa amebadili mawazo. Ya pili imefika jana. Nimemsomea Bi Olga, naye hajui hata mmoja wenu, akalia mpaka paka akatoka nje.

Siku ya Mtakatifu Andrea nilikuwa kazini. Saa ile jina langu linagonga ukuta wa kanisa, mimi nilikuwa natia vifungo kwenye ovaroli. Sikusikia kitu. Hilo litaniuma maisha yangu yote, na sitaki uniambie lisiniume. Kazi nayo imekwenda. Imwendee salama mwenye nguo ya bluu, nitamfundisha pindo, nimesikia kwamba ana foleni.

Zipu inabadilika. Mwambie Bi Eduarda asilitupe koti.

Kile kiwanja cha ukuta wa mashariki msikirudishe halmashauri. Siku moja nitakihitaji, kwa jina langu, na sitaki kulala huku kwenye upepo. Lakini kisifanyiwe haraka.

Cherehani imefungwa kwa blanketi. Paka anabaki kwa mwenyewe. Natoka Jumanne, na nitafika nitakapofika, maana mabasi ya Krismasi yanajaa. Msiniwekee meza, msiniwashie mishumaa, na mkate wowote uliobaki nitauchovya kwenye chai kama ninyi. Naomba jambo moja tu. Mkiniona napanda ile barabara yenu mpya, Baba atoke mlangoni aniite, kwa jina langu, kwa sauti ya kufika mpaka kwa Bi Eduarda. Kama kifua hakimruhusu, basi asimame tu pale. Nitangoja mpaka apate pumzi.

Maira